Jina la Mwanamke katika Maandiko ya Uchunguzi: Mfano wa Njombe na Makambako

Kila inapozungumzwa habari ya tofauti ya wanaume na wanawake katika kutangaza maandiko ya uchunguzi, hoja huanza kwa hesabu na mara nyingi huishia katika hesabu. Huulizwa wanawake wangapi wametoa makala, wanaume wangapi, na fungu la kila upande ni kiasi gani. Hesabu hiyo ina faida yake, wala haifai kudharauliwa. Lakini liko swali jingine ambalo ni la wahakiki zaidi kuliko la wataalamu wa hesabu, nalo ni hili: jina la mwanamke limewekwa mahali gani katika kitabu? Je, limeandikwa juu ya jalada, au limefuata baada ya neno "pamoja na", au limetiwa katika shukrani, au halikuandikwa kabisa, ila maarifa yake yameingia kitabuni kwa jina la "mkulima" au "mama mmoja wa kijiji"? Maandiko yaliyotolewa juu ya Ubena, yaani nchi ya Njombe na jirani zake, na juu ya reli ipitayo Makambako, yanafaa sana kwa swali hili. Si mengi mno hata yamshinde mtu kuyalinganisha, na karibu kila daraja la jina yaonekana ndani yake.

Kwanza yafaa kutazama hesabu yenyewe. Mwaka 2013 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa Vincent Larivière na wenzake, waliopitia makala zaidi ya 5,400,000 zilizotangazwa duniani tangu mwaka 2008 hadi 2012. Waliona ya kuwa fungu la wanawake katika uandishi halikufika asilimia 30, na ya kuwa kwa kila makala moja iliyotanguliza jina la mwanamke, zilikuwako karibu mbili zilizotanguliza jina la mwanamume. Waliona pia ya kuwa makala zenye mwanamke katika nafasi kubwa hutajwa na waandishi wengine mara chache zaidi kuliko zile zenye mwanamume katika nafasi hiyo hiyo. Haya ni mambo mazito, maana katika vyuo vikuu mtu hupandishwa cheo kwa maandiko aliyotoa, na sifa ya andiko hupimwa kwa idadi ya wanaolitaja.

Lakini msomaji na auangalie msingi wa hesabu hiyo. Wachunguzi hao hawakuwauliza waandishi kama ni wanaume au wanawake. Walilitazama jina la kila mmoja na kulilinganisha na orodha za majina ya watu. Njia hiyo yafaa penye jina kama Mary au Robert. Haifai sana penye mtu wa Makambako aitwaye Tumaini au Furaha, kwa kuwa majina hayo hupewa mtoto wa kiume na wa kike pia. Wala haifai hata kidogo palipoandikwa herufi za mwanzo tu. Jina ambalo halikutambulikana haliwezi kuhesabiwa upande wowote, na kwa hiyo mwandishi wa Afrika ya Mashariki yuko katika hatari ya kuachwa nje ya hesabu ile ile inayodai kumtetea.

Mfano ulio karibu ni kitabu juu ya reli. Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Mbeya, na hapo reli ya TAZARA, ikiisha kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi, hufika katika nyanda za juu. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976. Mwaka 2009 Jamie Monson alitoa kitabu juu yake kiitwacho "Africa's Freedom Railway", yaani reli ya uhuru wa Afrika. Ubora wa kitabu hicho ni kwamba hakikutosheka na habari za wakuu waliotia sahihi mikataba. Kilishuka mpaka katika stesheni, kikasoma hata risiti za vifurushi vilivyosafirishwa kwa treni, na kwa hizo kikaonyesha biashara ndogo ndogo za watu wa kando ya reli. Risiti ya kifurushi haimwulizi mtu shahada yake. Mfanyabiashara asiyepata kuandika hata ukurasa mmoja wa kitabu ameacha alama ya kazi yake hapo, na mchunguzi aliyejua kuitafuta ameiona.

Sasa, Jamie Monson ni mwanamke. Watu wangapi waliosoma jina lake katika orodha ya vitabu wamelijua hilo? Kwa Waingereza na Wamarekani jina Jamie huitwa mwanamume na mwanamke sawasawa, na msomaji aliyezoea ya kuwa habari za reli, vyuma na wahandisi ni habari za wanaume, huenda akadhani ya kuwa mwandishi naye ni mwanamume. Mazoea ya msomaji yamekwisha kumgawia mwandishi jinsi yake kabla hajafungua kitabu.

Kutoka hapo yafaa kurudi nyuma mpaka mwaka 1935, mwaka uliotoa vitabu viwili vinavyowahusu Wabena. Cha kwanza ni sarufi ya Kibena na Kihehe iliyoandikwa kwa Kijerumani na mmisionari Martin Priebusch. Cha pili ni "Ubena of the Rivers", yaani Ubena wa mitoni, kilichotolewa London na A. T. Culwick na G. M. Culwick. Ubena huo si ule wa milima ya Njombe hasa, bali ni wa Wabena wanaokaa chini, katika bonde la Ulanga. Lakini kila mchunguzi wa Ubena hulazimika kukisoma. A. T. Culwick alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na G. M. Culwick ni mkewe, Geraldine.

Mhakiki akiutazama ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ataona mambo matatu. Kwanza, mwanamke yumo, tena yumo kama mwandishi kamili wala si mtu wa kushukuriwa, na kwa zamani zile hilo si jambo dogo. Pili, herufi G. M. zimemfunika, hata msomaji asiyewajua watu hao hawezi kufahamu ya kuwa mmoja wa waandishi ni mwanamke, sembuse kujua ni sura zipi alizoziandika. Tatu, Mwafrika aliyetajwa katika ukurasa huo kwa sababu ya sura aliyoiandika ni Mtema Towegale Kiwanga, naye ni mwanamume tena ni mtawala. Basi mzungu mwanamume ametangulia, mzungu mwanamke amefuata, mtawala wa kiume wa nchi amewekwa wa tatu, na mwanamke wa Kibena hana mahali katika ukurasa huo. Kipaji cha Geraldine Culwick kilionekana peke yake baadaye, mwaka 1950, kilipotangazwa Sudan uchunguzi wake juu ya vyakula vya Wazande, chini ya jina lake mwenyewe. Anayesoma andiko hilo na kuurudia ule Ubena wa mitoni atakuwa na haki ya kuuliza ni kiasi gani cha kazi ya mwaka 1935 kilichokuwa chake.

Miaka 76 baada ya sarufi ya Priebusch, yaani mwaka 2011, Michelle Morrison alitoa sarufi kubwa ya Kibena kuwa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Jina limeandikwa kwa ukamilifu, ni moja tu, na halina shaka. Mtu aweza kusema basi ya kuwa tofauti imekwisha: sarufi ya kwanza iliandikwa na mwanamume, hii imeandikwa na mwanamke, habari ya reli nayo imeandikwa na mwanamke, wanataka nini tena? Jibu ni kwamba kilichopungua ni tofauti kati ya mwanamume wa ng'ambo na mwanamke wa ng'ambo. Mwenyeji wa kiume naye amekwisha kupanda ngazi, maana mwaka 1988 Seth Nyagava alitoa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya historia ya Wabena. Lakini mwanamke aliyezaliwa Njombe, aliyefunzwa Kibena na nyanya yake kabla hajajua kusoma, jina lake latafutwa kwa taabu juu ya jalada.

Ndipo kitabu cha mwaka 2005 kinapostahili kusomwa kwa uangalifu zaidi kuliko vyote. Nacho ni "A History of the Excluded", historia ya waliotengwa, cha James Giblin, na pamoja na jina lake limetajwa, kama jina la mshiriki, jina la Blandina Kaduma Giblin. Kitabu chaeleza jinsi watu wa Njombe, walipoona ya kuwa serikali ya kikoloni imewaweka kando, walivyoifanya jamaa kuwa kimbilio lao. Historia ya namna hiyo haitoki katika majalada ya serikali peke yake. Hutoka katika mazungumzo ya nyumbani, katika habari ambazo mtu hamwambii mgeni mpaka mgeni huyo aletwe na mtu wa kuaminiwa, na kwa lugha ambayo wazee huona raha kuisema. Kwa hiyo mshiriki katika kazi ya namna hii si msaidizi wa kubeba madaftari. Yeye ni mlango wenyewe.

Kumtaja mtu huyo katika ukurasa wa kwanza ni uungwana ambao vitabu vingi vya namna hii havikuonyesha, na sifa hiyo lazima itolewe. Hata hivyo msomaji na afuate safari ya jina hilo nje ya kitabu. Katika maktaba kitabu huandikwa kwa jina la kwanza. Katika makala za wengine hutajwa "Giblin 2005". Kwa kuwa majina ya ukoo yamekuwa mamoja, msomaji wa makala hizo hajui ya kuwa watu walikuwa wawili, wala ya kuwa mmoja wao ana jina la Kaduma. Jina lililokuwa dogo juu ya jalada limekuwa si kitu katika orodha. Hapa hakuna mtu aliyefanya hila. Ni desturi ya kutaja vitabu ndiyo iliyofanya kazi yake kimya kimya. Hesabu ya majina, hata ikiwa sahihi namna gani, haiwezi kuliona jambo hili, kwa sababu huhesabu kilichobaki baada ya desturi kukata.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili, kama Kibena na lugha nyingine za Kibantu, hakitengi mume na mke katika vitenzi. Msemaji akisema "mwandishi anaeleza", yule "a-" hambagui mtu. Mchunguzi ni mchunguzi, mhakiki ni mhakiki. Hiyo ni heshima iliyo ndani ya sarufi, na wenye lugha wana haki ya kujivunia. Lakini heshima hiyo huvunjwa na mazoea, maana msemaji yule yule akitaja mchunguzi wa kike huongeza "mwanamke", na akitaja wa kiume haongezi kitu. Tena sarufi hiyo hiyo yaweza kuwa pazia. Katika maandiko mengi ya kilimo na ya afya husomwa ya kuwa "mkulima alieleza" au "mtoa habari alisema". Katika mabonde ya Njombe mama mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni ilimwayo wakati wa kiangazi, ndiye ajuaye ardhi ipi hushika maji mwezi gani na mbegu ipi hustahimili baridi. Maarifa hayo akiyatoa kwa mchunguzi huingia katika makala kwa jina la "mkulima", na msomaji, akiwa na mazoea yake, humwona mwanamume mwenye jembe begani.

Wako waliotafuta njia nyingine, tena si mbali. Katika Rungwe, ng'ambo ya Mbeya kwa mtu atokaye Makambako, Marjorie Mbilinyi alifanya kazi ya kuandika maisha ya Rebeka Kalindile, mwanamke mkulima. Katika makala yake ya mwaka 1989 Mbilinyi hakumficha Kalindile chini ya neno "mtoa habari". Alimtaja kwa jina, na akaifanya kazi yenyewe ya kuzungumza na kuandika, pamoja na uwezo usio sawa wa pande mbili, kuwa jambo la kuchunguzwa. Mwaka 2007 Amandina Lihamba, Fulata Moyo, M. M. Mulokozi, Naomi Shitemi na Saida Yahya-Othman walitoa mkusanyo mkubwa wa maandiko na maneno ya wanawake wa upande huu wa Afrika, uitwao "Women Writing Africa: The Eastern Region". Humo msemaji wa kike huwekwa mahali pa mwandishi.

Wala jambo hili si geni kwa Waswahili. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake katika karne ya kumi na tisa kwa ajili ya binti yake. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutangaza pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina la Werner, mwanamke aliyekuwa profesa wa Kiswahili London, likatangulia. Lakini mtu yeyote akiuzungumzia utenzi huo husema ni wa Mwana Kupona. Wahariri walibaki wahariri, na mwenye maneno akabaki mwenye maneno. Ikiwa utenzi wapewa haki hiyo, hapana sababu ya kuinyima hadithi ya Kibena, au maelezo ya mbegu, au historia ya jamaa iliyosimuliwa jikoni.

Huenda ikasemwa ya kuwa sababu ya upungufu ni elimu, na ya kuwa wanawake wakisoma mambo yatajitengeneza yenyewe. Ni kweli ya kuwa mlango ulikuwa mwembamba. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, katika darasa la kwanza alikuwamo mwanamke mmoja tu, Julie Manning. Ni kweli pia ya kuwa mlango ulifunguliwa na kufungwa mara kwa mara: mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka ya kuwa msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali, na zuio hilo likaja kuondolewa Novemba 2021. Msichana wa Njombe aliyekosa masomo katika miaka hiyo hataonekana katika hesabu yoyote ya waandishi, kwa kuwa hesabu huanza na wale waliokwisha kufika. Lakini elimu peke yake haitoshi. Geraldine Culwick hakukosa elimu, na bado herufi zake mbili zilimfunika.

Hoja mbili za kupinga zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wako wanawake wanaopenda wenyewe kuandika herufi tu, ili kazi yao ihukumiwe bila upendeleo. Hiyo ni hiari yao, na hakuna awezaye kuwalazimisha. Ila hiari hiyo yenyewe ni ushahidi wa ugonjwa. Mtu hajifuniki mvua isiponyesha. Dawa yake ni kwa wahariri kuwapelekea wahakiki maandiko yasiyo na majina, kisha jina kamili litolewe siku ya kutangazwa. Ya pili ni kwamba kumtaja mtoa habari kwaweza kumletea madhara. Ni kweli, na panapo hatari jina lifichwe. Lakini ni jambo jingine kabisa kulificha jina pasipo hatari, bila kumwuliza mwenyewe kama alitaka litajwe. Mara nyingi siri hiyo hailindi mtu; humpunguzia mwandishi kazi ya kugawana sifa.

Basi wajibu wa majarida, na hasa majarida ya uchunguzi wa Kiswahili, si mgumu kuufahamu. Majina yote mawili ya mwandishi yaandikwe kwa ukamilifu, isipokuwa amekataa mwenyewe. Palipo na watu wawili au zaidi, kila mmoja atajwe kwa kazi aliyoifanya: nani aliuliza, nani alifasiri, nani aliandika. Aliyetoa hadithi, msamiati au historia, akikubali, atajwe kuwa mwenyewe wa maneno hayo, na wengine wanaoyatumia wamtaje yeye. Tena muhtasari wa kila kazi juu ya Njombe uandikwe kwa Kiswahili na kupelekwa Njombe. Vitabu vikubwa vilivyotajwa hapa viko kwa Kiingereza au Kijerumani. Mama aliyechangia maneno yake hawezi kujua kama yameandikwa vema au vibaya, wala hawezi kusahihisha. Kutokuweza kusahihisha ni kukosa uandishi kuliko kukosa jina.

Vitabu hivi havikosi thamani kwa sababu ya kasoro hizi. Culwick wawili, Giblin wawili, Monson, Morrison na Nyagava wameiokoa sehemu kubwa ya habari za Ubena isipotee, na msichana wa sekondari ya Makambako atakayetaka kuandika historia ya mji wake atalazimika kuanza kwao. Apewe vitabu hivyo, na afundishwe kuusoma ukurasa wa kwanza kwa makini kama anavyosoma kurasa nyingine, ili ajue ni nani aliyeandikwa hapo, ni nani aliyefunikwa, na mahali ambapo jina lake yeye lastahili kuwekwa atakapomaliza kazi yake.